Dawa za usingizi: Ipi humrudisha mgonjwa nyumbani salama siku hiyo hiyo?

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Ngujini, katika Milima ya Upare mkoani Kilimanjaro, anayeteremka asubuhi kwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri, busha au uvimbe wa ngozi, kwa kawaida hutarajia jambo moja: kulala kitandani kwake usiku ule ule. Hospitali nayo hutarajia hivyo hivyo, kwa sababu kitanda cha wodi kinasubiriwa na mgonjwa mwingine aliye katika hali mbaya zaidi.

Kutimia kwa matarajio hayo hakutegemei kisu cha daktari peke yake. Kwa kiasi kikubwa hutegemea dawa iliyotumika kumlaza mgonjwa usingizi au kumtia ganzi, kwani kila dawa ina namna yake ya kuingia mwilini, namna yake ya kutoka, na usumbufu inaouacha nyuma.

Ipo dawa inayomwamsha mgonjwa ndani ya dakika chache, lakini ikamwacha akitapika njia nzima. Ipo inayolinda pumzi yake hata mahali pasipo na umeme, lakini ikamwamsha akiona maruweruwe. Na ipo isiyomlaza kabisa, ambayo huzuia miguu yake kutembea kwa saa kadhaa.

Makala haya yanalinganisha dawa hizo, faida na kasoro zake, kwa kuangalia hasa swali linalomhusu mgonjwa wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Upasuaji usio wa kulazwa

Wazo la kumpasua mgonjwa na kumruhusu kwenda nyumbani siku hiyo hiyo si geni. Mwaka 1909, daktari James Nicoll wa Glasgow, Scotland, alitoa taarifa ya upasuaji wa watoto karibu 9,000 ambao hawakulazwa wodini. Alieleza kuwa watoto hao walipona vizuri mikononi mwa mama zao.

Miaka michache baadaye, Ralph Waters alifungua kliniki ya namna hiyo katika mji wa Sioux City, Marekani. Mwaka 1970 madaktari wawili wa usingizi, Wallace Reed na John Ford, walianzisha kituo cha upasuaji wa siku moja mjini Phoenix, na tangu hapo utaratibu huo umeenea duniani.

Sababu zake zinaeleweka. Gharama hupungua, vitanda hubaki wazi, mgonjwa hukwepa maambukizi ya wodini, na familia haiachi shamba na mifugo kwa siku nyingi ili kumuuguza mtu hospitalini.

Kwa wakazi wa Upare sababu hiyo ya mwisho ni nzito. Ngujini ni kata ya Wilaya ya Mwanga, na kama ilivyo katika vijiji vingi vya milimani, zahanati hutoa huduma za awali tu. Mwenye kuhitaji upasuaji huelekezwa kwenye kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, hospitali za wilayani kama ya Usangi au ya Same, au mjini Moshi katika Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kutoka Same hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kuu. Anayetoka milimani huongeza juu yake barabara ya kona na makorongo, ambayo wakati wa masika huteleza. Mgonjwa aliyeamka vizuri saa sita mchana anaweza kujikuta saa kumi jioni yuko nyuma ya bodaboda, kizunguzungu kikiwa bado hakijamtoka.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya mji mkubwa wa Ulaya na kijiji cha Upare. Tafiti nyingi za dawa za usingizi zimepima dakika za kufumbua macho. Kwa mtu wa milimani, dakika tano za kuamka mapema hazina uzito sana. Kilicho na uzito ni hali yake saa tatu, sita na kumi na mbili baadaye, akiwa mbali na daktari.

Hatua tatu za kupona

Wataalamu hugawa kupona baada ya usingizi katika hatua tatu. Hatua ya kwanza huanza dawa inapositishwa hadi mgonjwa anapofumbua macho, kupumua vizuri mwenyewe, kutaja jina lake na kutii maelekezo. Hatua hii huhesabiwa kwa dakika.

Hatua ya pili huendelea hadi anapoweza kukaa, kuvaa nguo, kutembea bila kuyumba na kuruhusiwa kuondoka. Hii huhesabiwa kwa saa. Hatua ya tatu hukamilika nyumbani, pale akili na mwili vinaporudi katika hali ya kawaida, na huweza kuchukua siku kadhaa.

Ili hatua hizo zisipimwe kwa kukisia, viliwekwa vipimo vya alama. Mwaka 1970 daktari Antonio Aldrete alichapisha kipimo chenye mambo matano: mwendo wa viungo, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, na rangi ya mwili, ambayo baadaye ilibadilishwa na kiwango cha oksijeni. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na mgonjwa mwenye alama 9 au zaidi kati ya 10 huweza kutoka chumba cha kuamkia.

Katika miaka ya 1990, daktari Frances Chung wa Toronto, Kanada, aliandaa kipimo cha kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Hicho hutazama mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kutembea, kichefuchefu, maumivu na kutoka damu. Navyo hivyo humtaka mgonjwa apate alama 9 kati ya 10.

Vipimo hivyo havihitaji mashine ya gharama. Karatasi, saa, kipimo cha shinikizo la damu na muuguzi makini vinatosha kwa sehemu kubwa.

Dawa za sindano

Kwa miongo mingi, dawa iliyotawala katika kuanzisha usingizi ilikuwa thiopentali, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1934. Humlaza mgonjwa ndani ya nusu dakika, naye huamka baada ya dakika tano hadi kumi.

Hata hivyo, kuamka huko hakumaanishi kwamba dawa imekwisha mwilini. Huwa imehama tu kutoka katika ubongo kwenda kwenye misuli na mafuta, na mwili huchukua zaidi ya saa kumi kupunguza nusu yake. Ndiyo maana mgonjwa wa thiopentali hushinda akisinzia na kichwa kikiwa kizito, hali isiyomfaa anayepaswa kusafiri.

Propofoli ilibadili hali hiyo. Dawa hii nyeupe kama maziwa ilitokana na utafiti uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1970, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1986 na kuruhusiwa Marekani mwaka 1989. Mgonjwa huamka upesi, kichwa kikiwa chepesi, na mara nyingi bila kichefuchefu. Kwa sababu hizo imekuwa dawa ya kwanza katika vituo vingi vya upasuaji wa siku moja duniani.

Kasoro zake ni za kuzingatiwa. Huuma inapoingia kwenye mshipa, hushusha shinikizo la damu, na huweza kusimamisha pumzi ghafla. Aidha, kwa kuwa imetengenezwa kwa mafuta ya soya na kiini cha yai, bakteria huzaliana humo kwa urahisi. Chupa iliyofunguliwa haipaswi kuwekwa akiba kwa ajili ya mgonjwa wa kesho.

Hatari ya propofoli ilijulikana na watu wengi baada ya kifo cha mwanamuziki Michael Jackson, tarehe 25 Juni 2009. Uchunguzi ulibaini kuwa dawa hiyo, iliyotolewa nyumbani bila vifaa vinavyostahili, ndiyo iliyosababisha kifo chake. Propofoli ni dawa salama pale tu alipo mtu aliyefunzwa kumpumulia mgonjwa, akiwa na vifaa vya kufanya hivyo.

Dawa ya tatu ni ketamini, iliyotengenezwa mwaka 1962 na kutumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Huyo ndiye rafiki wa hospitali za vijijini. Inaweza kuchomwa kwenye mshipa au kwenye msuli, huondoa maumivu pamoja na fahamu, haishushi shinikizo la damu, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka ketamini katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985. China ilipopendekeza mwaka 2015 idhibitiwe kimataifa kama dawa ya kulevya, WHO ilishauri isifanywe hivyo, kwa hoja kwamba maeneo mengi ya nchi maskini yasingebaki na dawa nyingine ya kufanyia upasuaji.

Lakini katika mizani ya kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ketamini hupoteza alama. Baadhi ya wagonjwa huamka wakiwa na njozi za kutisha, wakipiga kelele au wakidhani wameiacha miili yao. Wengine hutokwa na mate mengi, hutapika, huona vitu viwili viwili na kuyumba kwa saa kadhaa.

Njozi hizo hupunguzwa kwa kumwacha mgonjwa aamke mahali patulivu, na kwa kumpa dawa ya kutuliza kama midazolamu au diazepamu. Diazepamu nayo ina gharama yake, kwani hukaa mwilini zaidi ya siku nzima na kuongeza usingizi. Tiba ya kasoro moja hapa huleta kasoro nyingine.

Gesi za usingizi

Historia ya nusukaputi ya kisasa huhesabiwa kuanzia tarehe 16 Oktoba 1846, pale William Morton alipotumia etha hadharani katika hospitali ya Massachusetts mjini Boston. Etha ilikuwa salama kwa moyo na pumzi, lakini iliwaka moto kwa urahisi, na mgonjwa aliamka polepole akitapika sana.

Mwaka 1956 ilianza kutumika halotheni, isiyowaka moto na yenye harufu isiyoudhi. Ilienea Afrika nzima kwa sababu ya bei yake nafuu na urahisi wa kuivuta, hasa kwa watoto.

Halotheni ina kasoro mbili kubwa. Huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa watu wachache mno, takriban mmoja katika maelfu kumi au zaidi, huunguza ini kwa kiwango cha kuua. Hatari hiyo huongezeka mtu anapoivuta tena ndani ya muda mfupi, ndiyo maana hushauriwa isirudiwe kabla ya miezi mitatu. Nchi tajiri zimekwishaiacha.

Baada yake zikaja isofluraini, sevofluraini na desfluraini. Tofauti kuu kati yao ni kiasi gani kila moja huyeyuka katika damu. Gesi inayoyeyuka sana hubaki ndani ya damu kama sukari katika chai, hivyo huchelewa kutoka. Isiyoyeyuka hutoka upesi kupitia mapafu, na mgonjwa huamka.

Kipimo cha kuyeyuka katika damu ni kama 12 kwa etha, 2.4 kwa halotheni, 1.4 kwa isofluraini, 0.65 kwa sevofluraini na 0.42 kwa desfluraini. Kwa kanuni hiyo, anayevuta desfluraini huamka kwanza, na wa etha huamka mwisho.

Desfluraini, hata hivyo, inachokoza koo na kuleta kikohozi, inahitaji chombo maalumu chenye umeme wa kuipasha moto, na ni ghali. Isitoshe, huchafua anga kwa kiwango kikubwa: kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,500 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Scotland iliacha kuitumia mwaka 2023, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 ilizuia matumizi yake ya kawaida kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Kwa watoto, sevofluraini ndiyo inayopendelewa kwa kuwa haichokozi koo. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya watoto huamka wakilia na kurukaruka bila kutambua wazazi wao. Hali hiyo hupita yenyewe, lakini humtisha mzazi ambaye hakuelezwa mapema.

Tafiti zinaonyesha nini

Mwaka 2004, Anil Gupta na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 58 zilizolinganisha propofoli, isofluraini, sevofluraini na desfluraini kwa wagonjwa wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Matokeo yake yaliwashangaza waliotarajia mshindi wa wazi. Ni kweli waliopewa desfluraini waliamka mapema kuliko wa propofoli na isofluraini, lakini tofauti ilikuwa ya dakika chache. Katika utayari wa kwenda nyumbani, tofauti pekee iliyoonekana ilikuwa kati ya sevofluraini na isofluraini, nayo ilikuwa kama dakika tano.

Tofauti iliyokuwa na maana ilikuwa kichefuchefu na kutapika, ambavyo vilikuwa vichache kwa waliolazwa kwa propofoli.

Mwaka huo huo, Christian Apfel na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 5,000. Ulionyesha kuwa kutumia propofoli badala ya gesi kulipunguza hatari ya kutapika kwa asilimia 19, na kuacha gesi ya naitrasi oksaidi kulipunguza kwa asilimia 12. Kila moja ya dawa tatu za kuzuia kutapika zilizojaribiwa, zikiwamo ondansetroni na deksamethasoni, ilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 26.

Tafsiri yake kwa hospitali yenye fedha kidogo ni nzuri. Penye isofluraini tu, sindano ya deksamethasoni, ambayo ni dawa ya bei ndogo, huweza kuleta nafuu inayokaribia ile inayotafutwa kwa kubadili dawa ya usingizi yenyewe.

Apfel alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1999 namna ya kumtambua mapema mgonjwa atakayetapika. Mambo ni manne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwa na historia ya kutapika safarini au baada ya upasuaji, na kupewa dawa za maumivu za jamii ya mofini. Asiye na hata moja ana hatari ya asilimia 10 hivi. Mwenye yote manne hufikia karibu asilimia 80.

Mama asiyevuta sigara, anayetapika kila apandapo basi kwenye kona za mlimani, tayari ana mambo matatu kati ya hayo. Anapaswa kulitaja hilo kwa mtaalamu wa usingizi bila kungoja kuulizwa.

Wilaya ya Same inajulikana kwa kilimo cha tangawizi, hasa Mamba Miamba, na wengi huiamini tangawizi kuwa dawa ya kichefuchefu. Tafiti zilizoijaribu baada ya upasuaji zimetoa majibu yanayopishana, hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya sindano ya hospitali. Kikombe chake baada ya mgonjwa kuamka na kuruhusiwa kunywa hakina ubaya.

Ganzi bila usingizi

Dawa inayomrudisha mgonjwa nyumbani mapema kuliko zote huenda ikawa ile isiyomlaza kabisa. Ganzi ya eneo ilianza mwaka 1884, Carl Koller alipotumia kokeini kwenye jicho. Lignokeini, iliyo salama zaidi, ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, na bado inatumika hadi leo katika zahanati na kliniki za meno.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliogawa wagonjwa 616 wa ngiri kwa kura: wengine walipewa ganzi ya eneo, wengine ganzi ya uti wa mgongo au ya aina hiyo, na wengine nusukaputi. Waliopata ganzi ya eneo walipona mapema, hawakuwa na maumivu mengi mwanzoni, na ni wachache walioshindwa kukojoa.

Faida kwa vijijini iko wazi. Hakuna gesi, hakuna mashine ya kupumulia inayofanya kazi muda wote, na mgonjwa huzungumza na daktari wakati wote. Akiongezewa bupivakeini kwenye kidonda, ganzi huweza kuendelea kwa saa nne hadi nane, muda unaotosha kumfikisha nyumbani bila maumivu makali.

Hata ganzi ina mpaka wake. Lignokeini isiyochanganywa na adrenalini haipaswi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 180, sawa na mililita 9 tu za dawa ya asilimia 2. Ikizidi, mgonjwa huhisi midomo ikimtetemeka na masikio yakivuma, kisha huweza kupata degedege na moyo kusimama.

Ganzi ya uti wa mgongo, iliyoanzishwa na August Bier mwaka 1898, hutumika sana katika hospitali za wilaya kwa upasuaji wa chini ya kitovu. Ni ya gharama ndogo na mgonjwa hatapiki sana. Lakini bupivakeini ya uti wa mgongo huchukua saa mbili hadi nne kuisha, na haifai mgonjwa kuondoka kabla miguu haijapata nguvu na kabla hajakojoa.

Wengine hupata maumivu ya kichwa siku moja au mbili baadaye, yanayozidi wanapokaa au kusimama na kupungua wanapolala. Sindano nyembamba yenye ncha ya penseli hupunguza tatizo hilo. Anayelipata akiwa kijijini anapaswa kurudi hospitalini, asiishie kununua vidonge dukani.

Mtaalamu ni muhimu kuliko dawa

Wataalamu wanakubaliana kuwa jina la dawa si muhimu kuliko mkono unaoitoa. Kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirikisho la Dunia la Vyama vya Madaktari wa Usingizi ni madaktari bingwa watano kwa kila watu 100,000. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika, iko mbali sana na kiwango hicho.

Pengo hilo huzibwa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi. KCMC imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi, na wahitimu wake ndio wanaoshika zamu katika hospitali nyingi za wilaya. Mwaka 2018 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi, ambao pamoja na mambo mengine ulilenga kuongeza wataalamu hao na vifaa vyao.

Tanzania pia ina nafasi katika historia ya usalama wa upasuaji duniani. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara ilikuwa moja kati ya nane zilizojaribu orodha ya WHO ya kuhakiki usalama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Moja ya mambo yanayohakikiwa katika orodha hiyo ni kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni katika damu. Mgonjwa aliyelazwa kwa propofoli, ketamini au halotheni bila kifaa hicho yuko hatarini kuliko aliyelazwa kwa dawa yoyote kati ya hizo akiwa nacho.

Yanayomhusu mgonjwa

Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa kurudi siku hiyo hiyo ashauriwe yafuatayo:

Asile chakula chochote kwa saa sita kabla ya usingizi. Makande na vyakula vya mafuta vinahitaji saa nane. Uji na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Maji matupu yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla. Mtoto anyonyeshwe mara ya mwisho saa nne kabla. Kuficha kuwa umekula ni kuhatarisha maisha, kwani chakula huweza kuingia kwenye mapafu.

Aeleze dawa anazotumia, zikiwamo za mitishamba, na kama yeye au ndugu yake aliwahi kupata matatizo ya usingizi.

Aende na mtu mzima wa kumrudisha na kulala naye nyumba moja. Kurudi peke yake juu ya bodaboda baada ya nusukaputi au ketamini ni hatari, hata kama anajiona mzima.

Kwa saa 24 asiendeshe chombo, asinywe pombe, asishike panga wala kupika kwenye moto mkali, na asitie sahihi hati yoyote ya shamba au mkopo. Mama anayenyonyesha kwa kawaida anaweza kuendelea mara anapoamka vizuri.

Anayeishi mbali na hospitali, hasa milimani wakati wa mvua, ana haki ya kuomba alale mjini kwa jamaa au wodini usiku huo. Kipimo cha alama kinaweza kusema yuko tayari, lakini kipimo hicho hakiijui barabara ya kwake.

Arudi haraka akiona damu haikomi, homa, kutapika kusikokoma, kushindwa kukojoa, kupumua kwa shida au kusinzia kupita kiasi.

Mwisho, kabla ya kuondoka aombe jina la dawa aliyopewa liandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Aliyevuta halotheni mwezi huu, au aliyetapika sana kwa gesi fulani, atamsaidia mtaalamu wa mara ijayo kuchagua dawa nyingine, hata kama mtaalamu huyo yuko Same, Moshi au Dar es Salaam.